Aqua Haina Alternata, na Hakuna Aliyeiiba

Mpwa wangu anaendesha Toyota Aqua, teksi ya kuitwa kwa simu, hapa Mombasa. Asubuhi moja alinipigia kutoka gereji ya kando ya barabara maeneo ya Mwembe Tayari, sauti imempanda. "Mjomba, gari hili niliuziwa limeshachezewa. Fundi ametafuta alternata mpaka amechoka. Hakuna! Wale watu wa yadi wameing'oa wakaiuza."

Nilipofika nilikuta boneti iko juu, fundi ameinama na tochi ya simu, na pembeni watazamaji wanne, kila mmoja na fatwa yake. Wa kwanza alisema alternata hung'olewa melini, gari likiwa bado baharini. Wa pili akaapa kwamba ni baada ya kushushwa. Wa tatu alikuwa na hakika kwamba Aqua hujichaji kwa magurudumu, haina haja ya kitu kingine. Wa nne alikuwa anasubiri kahawa tu.

Fundi alikuwa sahihi kwa jambo moja: chini ya boneti ile hamkuwa na alternata. Alikosea kudhani iliwahi kuwamo. Aqua, Prius na haibridi nyingine nyingi za Toyota hutoka kiwandani bila alternata na bila stata tuliyoizoea. Injini ya Aqua haina hata mkanda wa nje ambao ungeizungusha hiyo alternata. Sasa ile betri ndogo ya volti 12 inalishwa na nani?

Kabla ya kujibu, tuelewane maneno. Gari la kawaida la petroli lina betri moja ya volti 12. Betri hiyo huzungusha stata ili injini iwake, na huendesha taa, honi, redio, vioo na kompyuta za gari. Injini ikishawaka, mkanda, au fanbelti kama wengi wanavyouita, huzungusha alternata, nayo ni jenereta ndogo. Kuanzia hapo alternata ndiyo inayobeba mzigo wote wa umeme na kuirudishia betri kile ilichotumia kuwasha injini. Ndiyo maana taa nyekundu ya betri ikiwaka ukiwa njiani, fundi hukimbilia mkanda kwanza.

Haibridi ni gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme, vyote viwili vikisaidiana kusukuma magurudumu. Toyota ilianza kuuza Prius huko Japani Desemba 1997, na Aqua ikafuata Desemba 2011. Gari la namna hii lina betri mbili. Ile kubwa ndiyo inayolisha mota, na volti zake si za mchezo: katika Aqua za kizazi cha kwanza, ambazo ndizo nyingi barabarani kwetu, ni vipande 20 vya volti 7.2 kila kimoja, jumla volti 144. Prius ya kizazi cha pili na cha tatu ina vipande 28, kama volti 202 hivi. Ile ndogo ni betri ya volti 12 kama ya gari lolote, ila imefichwa. Katika Aqua iko chini ya kiti cha nyuma. Katika Prius hizo nilizotaja iko kwenye buti. Watu wengi wameendesha Aqua miaka mitatu bila kujua ipo.

Kazi za stata na alternata nazo zimepewa mota zilizomo ndani ya giaboksi. Toyota wanaziita MG1 na MG2. MG1 ndiyo inayoizungusha injini mpaka iwake, kisha injini ikishawaka mambo hugeuka: injini ndiyo inayoizungusha MG1, nayo inazalisha umeme. MG2 husukuma magurudumu, na ukiondoa mguu kwenye mafuta au ukigusa breki, magurudumu ndiyo yanayoisukuma yenyewe, nayo ikazalisha umeme. Ukiteremka kutoka Mazeras kuja Miritini, utaona kwenye dashibodi betri kubwa ikijaa polepole wala hujachoma petroli. Kwa hiyo yule jamaa wa magurudumu, tuliyemcheka, ndiye aliyekuwa karibu na ukweli kuliko sisi wote.

Tatizo ni kwamba umeme huo wote ni wa volti nyingi. Ukiuingiza moja kwa moja kwenye redio ya volti 12, redio itakuwa moshi. Panahitajika mtu wa kati.

Mtu huyo ndiye konveta, na hapa mfano mzuri ni noti ya elfu. Saa kumi na mbili asubuhi huwezi kumpa mama wa mahamri na mbaazi noti ya shilingi 1,000, atakutazama tu. Unakwenda dukani, muuzaji anakuvunjia, unarudi na mia mia na sarafu. Thamani ni ileile, vipande vimeongezeka. Konveta hufanya hivyo hivyo kwa umeme. Volti ni msukumo wa umeme, ampia ni wingi wake unaopita, na ukizidisha hizo mbili unapata wati, yaani nguvu. Inapokea volti 144 kwa ampia 5, ambazo ukizidisha ni wati 720. Upande wa pili inatoa volti 14.4 kwa ampia 50. Zidisha tena: wati 720. Volti zimepungua mara kumi, ampia zimeongezeka mara kumi. Muuza duka huyu, kusema kweli, hukata kaushuru kidogo: sehemu ndogo ya umeme hupotea kama joto. Ndiyo maana konveta hupozwa kwa maji, jambo nitakalolirudia.

Namna inavyovunja ni hivi. Umeme wa betri huenda upande mmoja tu bila kugeuka, na umeme wa aina hiyo haupiti kwenye transfoma, kile kifaa cha kupandisha na kushusha volti. Transfoma hutaka umeme unaogeuka-geuka. Basi transista, yaani swichi ndogo za kielektroniki ndani ya konveta, huukata umeme wa betri kubwa, washa-zima, washa-zima, makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Umeme uliokatwa-katwa unapita kwenye transfoma na kushushwa volti, kisha unanyooshwa tena na kulainishwa ili utoke umetulia. Huko kukata kwa kasi ndiko kunakofanya kifaa kiwe kidogo. Umeme wa nyumbani kwetu hugeuka mara 50 kwa sekunde, na transfoma ya umeme huo ni pande la chuma na shaba. Wenye umri wangu wanakumbuka zile chaja nzito za zamani zilizokuwa zikianguka kutoka kwenye soketi kwa uzito wake. Chaja ya simu ya leo ni nyepesi kwa sababu inakata umeme kwa kasi, sawa na konveta ya Aqua.

Na hapo ndipo mpwa wangu alipoelewa. Nilimuuliza, "Simu yako ina alternata?" Akacheka. Simu haina jenereta yoyote ndani yake. Inachomekwa kwenye chaja inayoshusha volti 240 za ukutani hadi volti 5, basi. Betri ndogo ya Aqua ni simu, betri kubwa ni soketi ya ukutani, konveta ni chaja.

Maneno bila mita hayamshawishi fundi, na ni haki yake. Tulinyanyua kiti cha nyuma, tukafungua kifuniko cha plastiki, betri ndogo ikaonekana, vichwa vyake vimeota ule ungaunga wa kijani na mweupe tunaoujua sote watu wa pwani. Mita ikasema volti 10.9. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma kama 12.6 hadi 12.8, ikifika 12 imebaki na kidogo sana, 10.9 ni maiti. Fundi alikuwa na betri nzuri juu ya benchi. Tukaiunganisha kupitia kichwa cha jampu, yaani cha kuazima umeme wa betri nyingine, kilichomo kwenye kisanduku cha fyuzi chini ya boneti, waya mwekundu hapo, mweusi kwenye chuma kitupu cha injini. Kichwa hicho kimewekwa makusudi, kwa sababu waliounda gari walijua betri yenyewe iko mahali pa kusumbua.

Mpwa wangu akakanyaga breki, akabonyeza kitufe. Nyuma ya kiti pakasikika "tak," kisha "tak" nyingine. Neno READY likawaka kwenye dashibodi. Sekunde chache baadaye injini ikajiwasha yenyewe ili ipate joto, ikanguruma dakika kadhaa, kisha ikanyamaza. Tulikuwa tumeshaondoa waya za jampu. Fundi alikuwa ameshikilia mita kwenye vichwa vya betri muda wote huo. Ilikuwa inasoma 14.1 injini ikinguruma. Injini ilipozima, ikabaki 14.1.

Akainua kichwa. "Shekhe, injini imezima na mita haijashuka. Umeme huu watoka wapi?"

Hilo ndilo swali, na jibu lake ni neno lililokuwa mbele ya macho yetu: READY. Konveta hufanya kazi neno hilo linapowaka. Injini iwe inaunguruma au imelala, betri kubwa imeunganishwa, konveta inavunja noti, betri ndogo inashiba. Neno likizimika, hata kama redio inaimba, hakuna anayelisha betri ndogo. Katika gari la zamani sauti ya injini ndiyo iliyokuwa ishara yetu kwamba betri inachajiwa. Katika haibridi sauti hiyo haimaanishi chochote, tazama READY.

Sasa zile "tak" mbili. Gari likizimwa, betri kubwa hutengwa kabisa na gari zima. Kuna swichi nene za sumaku, mafundi huziita rilei, zinazokata waya zake zote, na zile nyaya za rangi ya machungwa zinazopita chini ya gari zinabaki bila umeme. Ni usalama: gari likigongwa, au mwokoaji akikata bodi kwa msumeno, mtu asipigwe na volti mia na kitu. Zile "tak" ni swichi hizo zikifunga na kuunganisha betri kubwa. Ila zinahitaji nguvu ya kuzivuta zifunge, na nguvu hiyo inatoka kwenye betri ndogo. Kompyuta inayotoa amri nayo inaamshwa na betri ndogo. Wazo ni kama godauni kubwa la Shimanzi lililojaa magunia hadi darini, na mlango wake una kufuli dogo. Ukipoteza ufunguo wa kufuli, magunia yote hayakusaidii.

Kwa hiyo dai linalosikika sana barazani, kwamba betri kubwa ikiwa imejaa gari litawaka tu, halina msingi. Betri kubwa inaweza kuwa imejaa pomoni na gari lisifunguke hata mlango. Ikikufika hiyo, usivunje kioo. Ndani ya ufunguo wa kielektroniki kumefichwa ufunguo mdogo wa chuma unaochomoka, nao hufungua mlango wa dereva.

Hapa niseme jambo ambalo naona ndilo linalowaponza wengi, na sijaona likielezwa vya kutosha. Betri ya gari la kawaida hulalamika kabla ya kufa. Asubuhi unawasha, stata inajivuta, "ngwe... ngwe... ngwe," unajua wiki hii lazima uende kununua betri. Stata hunywa ampia mia na zaidi kwa mara moja, hivyo betri dhaifu hujulikana mapema. Betri ndogo ya haibridi haizungushi injini. Inaamsha kompyuta na kuvuta rilei, kazi ya sekunde chache isiyohitaji nguvu nyingi. Betri iliyochoka vibaya bado inaimudu, leo, kesho, keshokutwa, bila dalili yoyote. Siku moja inashuka chini kidogo ya kiwango ambacho kompyuta inakitaka, na dashibodi inajaa taa za onyo za kila rangi: breki, usukani, injini, yote. Dereva anadhani gari zima limeharibika. Kumbe ni betri ya volti 12 tu iliyokufa kimyakimya.

Nimewahi kusikia mtu aliambiwa abadilishe betri kubwa kwa dalili hizo. Tofauti ya bei kati ya betri kubwa na ndogo unaijua. Kabla hujakubali, mwambie fundi aweke mita kwenye betri ndogo, gari likiwa limezimwa, kisha likiwa READY. Likizimwa isome 12.4 au zaidi. Ikiwa READY isome kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Ikisoma vizuri kwenye READY lakini ikaporomoka ukizima, betri ndogo imechoka. Ikiwa READY iko na mita imebaki 12 ikizidi kushuka, hapo ndipo umshuku konveta au fyuzi yake, na hiyo si kazi ya gereji ya kando ya barabara.

Basi betri ya mpwa wangu ilikufaje, kama konveta ilikuwa nzima? Tulimhoji. Huwa anasubiri abiria karibu na uwanja wa ndege, saa nzima au mbili. Ili "kuokoa petroli" huzima gari, kisha hubonyeza kitufe mara moja bila kukanyaga breki ili redio iwake. Joto likizidi hubonyeza mara ya pili ili feni ipulize. Bonyezo la kwanza huleta hali ya ACC, la pili huleta ON. READY haiji kwa lolote kati ya hayo, inakuja ukikanyaga breki na kubonyeza. Juu ya hayo ana kamera ya dashibodi, chaja mbili za simu, na traka aliyolazimishwa kuweka na waliomkopesha, ambayo haizimiki usiku wala mchana. Chukulia vyote hivyo vinanywa ampia 5. Betri ya ampia-saa 30 ikiwa mpya inakauka kwa saa 6. Ikiwa na miaka minne ya joto la Mombasa, saa 2 zinaweza kutosha.

Wale wa foleni ya feri ya Likoni nao hufanya vivyo hivyo. Wanaogopa kwamba AC itamaliza betri, wanazima gari na kubaki na feni. Lakini kompresa ya AC ya Aqua ni ya umeme na inakula kwenye betri kubwa, si ndogo. Ukiacha gari READY na AC inapuliza, injini itajiwasha kila betri kubwa inapopungua, itaongeza, itazima. Utachoma petroli kidogo, ndiyo, lakini betri ndogo itakuwa inalishwa muda wote. Isipokuwa usifanye hivyo ndani ya gereji iliyofungwa, maana injini ikijiwasha na moshi hauna pa kutokea ni hatari kwa maisha.

Dai jingine: "Nina Aqua, njoo nikujampu." Huo ni wema wa gharama. Probox au Hiace iliyokufa itavuta kwa stata yake mamia ya ampia, na itayavuta kwenye kabetri kadogo na konveta ambayo haikuundwa kwa kazi hiyo. Kupokea jampu, sawa, kwa betri ya volti 12 na waya zikiwekwa sawasawa. Kutoa, hapana. Na ukigeuza nyekundu na nyeusi, hata kwa sekunde, shukuru ikiwa ni fyuzi kubwa tu iliyokatika.

Halafu kuna "betri ni betri, weka yoyote inayoenea." Betri ya kawaida ya maji ikichajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hushika moto. Chini ya boneti upepo huipeperusha. Chini ya kiti wanapokaa watoto, hapana. Ndiyo maana betri iliyokuja na Aqua ni ya aina iliyozibwa, ambayo asidi yake imenyonywa na nyuzi za kioo, na ina kamrija kembamba ka kutoa gesi nje ya gari. Ukibadilisha, kamrija hako karudishwe mahali pake. Nimeona gari ambalo kalikuwa kananing'inia tu. Soma pia nambari iliyoandikwa juu ya betri ya zamani, mfano S34B20R. Zile 20 ni urefu kwa sentimita, na herufi ya mwisho, R au L, huonyesha kichwa cha chanya kiko upande gani. Ukinunua L badala ya R, waya hazitafika, na fundi mwenye haraka atazivuta mpaka zifike.

Wapo pia wanaosema inveta na konveta ni kitu kimoja. Sanduku ni moja, hapo wana haki: katika Aqua vyote viwili vimo ndani ya lile boksi la fedha karibu na injini. Kazi ni mbili. Inveta huugeuza umeme wa betri kubwa uwe wa kuzungusha mota, na kuurudisha. Konveta huvunja chenji ya volti 12. Vyote vinapozwa kwa maji ya mzunguko wao wenyewe, wenye pampu yake ya umeme na kopo lake la kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea, mbali na lile la injini. Ukifungua boneti utayaona makopo mawili. Wengi hujaza moja na kulisahau la pili, na wengine hutia maji ya mfereji, ambayo hapa kwetu mengi ni ya visima na yana chumvi. Ukifikiria bei ya boksi lile, kulanti sahihi ni rahisi mno.

Sasa tahadhari upande wa pili, maana nisije nikawapa watu fatwa mpya. Si kila gari lililoandikwa haibridi halina mkanda. Suzuki nyingi ndogo ni haibridi nyepesi: zina mashine moja inayofungwa kwa mkanda kwenye injini, ambayo ni stata, jenereta na msaidizi wa injini kwa pamoja. Hapo mkanda ukikatika, kuchaji kumekwisha. Honda za mfumo wa zamani wa IMA zilikuwa na konveta lakini zikabakiza pia stata ya kawaida. Nissan Note e-Power, iliyotoka 2016, injini yake haisukumi magurudumu kabisa, kazi yake ni kuzalisha umeme tu, na betri ndogo inalishwa kwa konveta. Hata Nissan Leaf isiyo na injini kabisa ina betri ya volti 12 na konveta yake, na ikifa hiyo ndogo, Leaf nayo haiondoki.

Kwa Mombasa hasa, maadui wawili wa betri ndogo ni joto na chumvi. Joto huifupisha maisha, hakuna dawa ila kuegesha kivulini. Chumvi hula vichwa vya betri na pale waya mweusi unapofungwa kwenye bodi. Konveta inaweza kuwa inatoa 14.1 safi, lakini kutu ikakaa katikati na betri ikapata kidogo. Tulisugua vichwa vya mpwa wangu kwa maji ya moto na magadi na msasa, tukapaka grisi. Ukisafiri wiki mbili, chomoa waya wa hasi, au mwachie jirani ufunguo aweke gari READY saa moja kila wiki. Na kwa vyovyote mikono ikae mbali na nyaya za rangi ya machungwa. Volti 144 za betri zinaua, na huyo konveta anayeonekana mpole ana umeme huo upande wake wa pili.

Betri mpya ilinunuliwa siku hiyo hiyo, yenye R mwishoni. Fundi alilipwa yake, naye akaomba abaki na ile mita yangu hadi Ijumaa ili awaonyeshe wenzake wa Majengo. Mpwa wangu siku hizi akisubiri abiria huacha neno READY liwake. Kijana wa yadi, aliyetukanwa kwa simu kama mwizi wa alternata saa mbili asubuhi, hajaombwa radhi mpaka leo. "Nitampigia, mjomba," ananiambia kila nikimkumbusha, "ila si leo, leo nina safari ya Mtwapa."